Chumba cha Watu Wawili

Ofisini walimwita Sauti, kwa sababu ndiyo sauti uliyoipata ukipiga simu kampuni ya maji kulalamika. Ilikuwa sauti nzito kidogo, ya mtu asiye na haraka. Mteja angeanza na matusi ya nguoni, na kabla hajamaliza kumweleza alipo angejikuta anasema, "Samahani dada, siyo wewe, ni hili bomba."

Watu hawapigi simu kusema maji yanatoka vizuri. Hupiga bomba likipasuka, bili ikipanda bila maelezo, au mfereji ukikauka na nyumbani kuna mgonjwa wa kuogeshwa. Kazi ya Sauti ilikuwa kusema pole, kuchukua namba ya mita, na kuwaahidi mafundi ambao yeye mwenyewe hakujua wako wapi. Aliahidi kwa miaka. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuchoka, ingawa mwenyewe hakujua kuwa amechoka. Alidhani ndivyo watu wazima wanavyojisikia.

Asubuhi moja mama mmoja alipiga akauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hao mafundi watafika leo?" Sauti akafungua mdomo, pumzi haikuja. Vidole vikafa ganzi. Kifua kikabana kana kwamba mtu amekikalia. Alivua vipokea sauti vya masikioni akaviweka mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, kisha akateleza kwenye kiti hadi sakafuni.

Jirani yake wa meza, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, ndiye aliyempeleka hospitali. Wakampima moyo, wakampima damu. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukesha, akarudi na majibu.

"Moyo wako mzima kuliko wangu."

"Sasa kinachonikaba ni nini?"

"Wasiwasi."

Sauti alikaribia kukasirika. Kwake yeye, wasiwasi ulikuwa kitu cha mtu aliyeacha pasi kwenye umeme. Lakini daktari hakuwa anamtania. Alimweleza kwamba ni ugonjwa kama magonjwa mengine, kwamba mwili umezoea kukaa kama unaotaka kumkimbia mbwa, na sasa hata pasipo na mbwa unakimbia. Akampa vidonge vya muda, akamwandikishia mshauri ambaye foleni yake ilikuwa ya miezi, na akamwambia atafute mahali pa kupumzika, mbali na nyumbani na kazini.

"Mahali gani, dokta?"

"Popote ambapo hakuna simu inayolia," akasema, na simu yake ikalia.

Nyumbani, mumewe alimsikiliza huku akifuta grisi mikononi. Alikuwa fundi wa majokofu, mwanamume mwema, asiye na makuu. "Wasiwasi wa nini tena, mke wangu?" akauliza. "Si tunakula? Si watoto wanasoma?" Hakuuliza kwa ubaya. Sauti akampa sabuni ya mikono. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia, kwa kuwa lilimhusu mama yake huyo mume. Tangu baba mkwe alipofariki, mama mkwe alihamia kwao. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkavu, ambaye angefagia mahali ulipokwisha kufagia, bila kusema kitu, na huko kutosema ndiko kulikosema. Hayo Sauti aliyazoea. Alichoshindwa kukizoea ni nyayo. Kila usiku aliisikia ile kandambili ikipita kwenye korido, inafika mlangoni kwao, inasimama. Inasimama hapo kitambo. Kisha inaondoka. Anatusikiliza, alijiambia Sauti. Mtu mzima mzima anachunguza ndoa ya mwanawe. Na hapo usingizi wote humruka, akalala macho darini, akizisubiri nyayo zirudi.

Basi wakaanza kutafuta pa kupumzika. Jirani wa meza alilichukua jambo hilo kama lake. Kila mapumziko alimletea simu yake usoni. "Ona hapa. Kuna bwawa, kuna masaji, kuna mwalimu wa kukufundisha kupumua."

"Kupumua nafundishwa kwa pesa?"

"We soma kwanza."

Sauti akasoma. Kulikuwa na picha ya msichana mrembo amekaa juu ya jiwe, macho amefumba, anatabasamu kama aliyesamehewa madeni. Akashuka hadi chini penye bei. Moyo ukaanza kwenda mbio pale pale.

"Ifunge," akasema. "Dawa yenyewe inaleta ugonjwa."

Wakapata nyingine, iliyojiita nafuu, lakini unafuu huo ulikuwa wa watu wengine. Kisha wakapata ya bure. Siku ya Utulivu, iliandikwa, ukumbi wa hoteli fulani, njoo na mwenzio. Wakaenda Jumamosi. Walikaribishwa kwa maji ya limau na muziki wa filimbi, wakaambiwa wafumbe macho wawaze mto unaotiririka. Sauti, kwa kazi yake, aliwaza bomba lililopasuka. Walipofumbua, jukwaani palikuwa na godoro. Kijana mwenye tai akaeleza kwa muda mrefu sana kwamba godoro hilo lina sumaku ndani, kwamba wasiwasi wote huingia mwilini kupitia godoro baya, na kwamba leo tu, kwa waliopo, kuna punguzo. Mlango wa kutokea ulikuwa nyuma yake.

"Angalau tumelala kidogo," alisema jirani wa meza walipofanikiwa kutoka.

Mwishowe ni shangazi wa huyo huyo jirani aliyewaelekeza kwa mkunga. Alikuwa mkunga mstaafu, nje ya mji, mwenye nyumba ndefu ambayo zamani akina mama walikwenda kujifungulia. Hospitali kubwa ikajengwa karibu, wazazi wakahamia huko, vitanda vikabaki vitupu. Mkunga hakupenda kuviona vitupu. Akaanza kupokea watu waliochoka. Hakuwa na bwawa wala masaji. Ulikwenda kwa siku chache, ukalala, ukatembea, ukafagia chumba chako mwenyewe, na jioni mkakaa pamoja mkaongea au mkanyamaza.

Sauti akampigia. Ilikuwa ajabu kwake kuwa upande wa pili wa simu, mtu anayehitaji kitu.

"Nafasi ipo," alisema mkunga. Alikuwa na sauti ya kukwaruza, ya mtu aliyepiga kelele sana ujanani kwa sababu za kazi. "Ila nalipisha chumba, mwanangu, si vichwa. Kila chumba kina vitanda viwili. Mkija wawili mnagawana. Ukija peke yako, unakilipia na kitanda kitupu."

Hela ya chumba chote Sauti hakuwa nayo. Nusu alikuwa nayo; ilikuwa akiba ya kununulia kochi. Ikabidi atafute mwenzi. Jirani wa meza alinyimwa ruhusa. Mdogo wake Sauti alikuwa amejifungua juzi juzi. Mumewe alikuwa katikati ya msimu wa joto, kila jokofu la mji linamlilia. Sauti alilieleza hilo mezani wakati wa chakula cha jioni, si kwa kuomba, bali kama mtu anayelifunga jambo.

"Nitakwenda mimi," alisema mama mkwe.

Kijiko cha mtoto mkubwa kikasimama hewani. Mume akagundua kuna kitu cha maana sana ndani ya sahani yake.

"Mama," Sauti akasema, "huko ni kwa watu wenye wasiwasi."

"Kwani mimi nina nini? Nina harusi?" Akajipangusa mdomo. "Nusu yangu atatoa wifi yako. Kila siku ananiuliza nataka nini. Leo nimejua."

Kesho yake kazini, Sauti alimsimulia jirani wa meza, naye akacheka mpaka akalaza kichwa kwenye kompyuta. "Shoga yangu! Unakwenda kutibiwa mzio wa nyuki ndani ya mzinga!"

Sauti hakucheka. Alikuwa amechoka mno kucheka, na amechoka mno kukataa.

Wakafika siku ya Alhamisi, mchana. Nyumba ilikuwa kama alivyoelezwa, ndefu, yenye veranda na rangi iliyochuja. Vitanda vilikuwa vile vile vya zamani, vya chuma, virefu kwenda juu. Kwenye kona ya chumba chao mizani ya kupimia watoto wachanga ilikuwa imewekewa chungu cha maua. Mkunga alikuwa mfupi, mpana, anavaa viatu vya raba. Alizichukua simu zao akazifungia kabatini.

"Hapa watu walikuwa wanakuja na uchungu," aliwaambia, "wanaondoka na kitu mkononi. Nyinyi mkiondoka mikono mitupu, mimi nitafurahi zaidi."

Mgeni mwingine alikuwa mmoja tu, kinyozi wa makamo ambaye mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka. "Si ulevi," alijitetea kabla hajaulizwa. "Ni wembe. Nikiuona shingoni kwa mtu nawaza yale yanayoweza kutokea. Miaka yote hiyo sikuwaza. Sasa nawaza." Wateja wake walikuwa wamebaki wale wasionyoa ndevu.

Mama mkwe, kabla hajavua viatu, aliikagua nyumba. Akasema chai nyepesi. Akasema pazia linahitaji jua. Akaupata ufagio, akafagia veranda iliyofagiliwa. Mkunga alimtazama tu, mikono kiunoni. Sauti akatamani ardhi ipasuke. Nimelipa pesa ya kochi, aliwaza, nije kuyaona haya haya chini ya paa jingine.

Alasiri mkunga akawaita chumba kikubwa, kilichokuwa cha kujifungulia. Mikeka ilikuwa imetandikwa. Akawaambia walale chali.

"Sina falsafa," akasema. "Nimewafundisha wanawake kupumua tangu sijaota mvi, na hao walikuwa na shida kubwa kuliko zenu. Vuta pole pole. Toa pole pole zaidi. Na mtu akitaka kuamka aangalie kitu, asiamke. Mimi niko macho. Zamu ni yangu. Nyinyi hamna zamu leo."

Sauti alivuta, akatoa. Kinyozi alikuwa akihema kama anayepanda mlima. Kisha ikasikika sauti nyingine, nzito, ya kukoroma. Sauti akageuza shingo. Mama mkwe, aliyelala kama amepangwa, mikono kifuani, alikuwa amezama usingizini mdomo wazi.

Wakamwacha. Jua likazama, chakula kikaiva, kikaliwa. Mama hakuamka. Wakambeba wawili, mkunga na kinyozi, na kinyozi mikono haikumtetemeka hata kidogo. Wakamlaza kitandani kwake. Asubuhi akawa bado. Saa ya chai ikapita. Sauti alienda kumwangalia kila mara, anainama, anatega sikio, anatazama shuka kama linapanda na kushuka. Hofu yake ilipata kazi mpya. Nitamwambia nini mume wangu? Nilimpeleka mama yako kupumzika, akapumzika moja kwa moja?

"Mwache," mkunga alimwambia mlangoni. "Pumzi nzuri, rangi nzuri. Huyu hajalala siku nyingi."

"Lakini kulala hivi, mama?"

"Wewe unadhani ni usingizi wa jana anaoulala?"

Aliamka mchana wa Ijumaa. Akakaa ukingoni mwa kitanda kirefu, miguu inaning'inia kama ya mtoto, uso umejikunja kwa alama za mto. Akaomba maji. Akanywa bakuli zima la supu bila kusema chumvi imekosea wapi. Sauti alimtazama akaona, kwa mara ya kwanza, jinsi alivyozeeka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na chumba cha mama mkwe, huko nyumbani, Sauti alikuwa hajakaa ndani yake hata mara moja tangu amkaribishe.

Jioni mkunga aliwapa mashuka yaliyokauka wayakunje. Shuka hukunjwa na watu wawili, hakuna namna. Wakasimama uani, huyu huku na yule kule, wakivuta, wakikutana katikati, wakiachana tena.

"Nilikuwa sijalala hivyo tangu baba yenu," mama mkwe alisema.

Sauti akavuta ncha zake.

"Unajua alikufa kitandani."

"Najua, mama. Alikufa usingizini. Watu walisema kifo chema."

"Watu." Akalikung'uta shuka kwa nguvu. "Nililala naye, mwanangu. Niliamka nikamkuta amepoa. Nimelala pembeni ya mtu anakufa, na mimi nakoroma. Labda aliniita. Labda alinigusa. Mimi nakoroma." Wakakutana katikati, akamkabidhi ncha. "Tangu siku hiyo siwezi. Nikifumba macho nawaza, sasa hivi ni nani? Naamka nakwenda kwa watoto, nasikiliza. Nakuja mlangoni kwenu, nasikiliza. Mwanangu anakoroma, hilo rahisi. Wewe hukoromi. Wewe inabidi nisimame mpaka nikusikie."

Shuka lilikuwa mikononi mwa Sauti na hakulikunja.

"Unasimama kunisikiliza mimi?"

"Unapumua kidogo sana," mama mkwe akasema, kwa ukali kidogo, kama anayelalamikia jambo la siku nyingi. "Kama mtu anayejificha. Wakati mwingine nasimama mpaka miguu inaniuma. Ungepumua kama watu, ningekuwa nalala mapema."

Sauti akacheka. Kilianza kama kicheko, kikageuka kilio njiani, na mama mkwe hakumkumbatia, kwa kuwa hawakuwa watu wa kukumbatiana. Alilichukua tu shuka mikononi mwake, akalikunja peke yake vizuri sana dhidi ya kifua, akachukua jingine.

"Mimi nilidhani unatuchunguza," Sauti akasema alipopata sauti.

"Nichunguze nini? Mnaongea habari za majokofu."

Sitaki kukudanganya kwamba baada ya hapo walikuwa mama na mwana. Jumamosi asubuhi mama mkwe alirudia habari ya chai, na Sauti alikwaruzika moyoni kama kawaida. Lakini walitembea pamoja mpaka mwisho wa shamba la jirani na kurudi, wao wawili na kinyozi, taratibu, kila mtu na mzigo wake. Kinyozi akawaeleza namna alivyojaribu kumnyoa mkewe nywele na mkewe akasema heri abaki nazo. Jioni mama mkwe akaketi kwenye kiti uani, akasema, "Mimi shingo yangu imeshaona mengi. Nisawazishie hapa nyuma." Kinyozi akakataa. Akakataa tena. Kisha akaenda kuleta mkasi, si wembe, na kazi ilichukua muda mrefu na haikunyooka sana, na hakuna aliyesema haikunyooka. Mama mkwe naye alikaa kimya, jambo ambalo lilimgharimu.

Jumapili walitakiwa kuondoka. Sauti alishafunga mkoba. Mama mkwe hakuwa amefunga.

"Nabaki kidogo," akasema. "Nimeshaongea na mwenye nyumba. Jikoni hakuna mtu anayejua kitu."

Mkunga, nyuma yake, alimpandishia Sauti mabega. "Kitanda ni kitupu kwa vyovyote," akasema.

Hivyo Sauti akarudi peke yake. Ndani ya basi, katikati ya safari, kifua kilimkaba tena. Hakukuwa na sababu. Mtu pembeni yake alikuwa akimenya chungwa. Vidole vikaanza ganzi. Alitoa pumzi pole pole, akavuta, akatoa, akahesabu miti, akasahau kuhesabu. Kikakaa kitambo kirefu, kile kitu, kisha kikamwachia. Hakikumwachia vizuri. Lakini hakuteleza kwenye kiti.

Nyumbani mume alikuwa amepika wali ulioungua, na watoto walikuwa wameula bila malalamiko kwa kuwa waliamriwa.

"Umepona?" akamuuliza, kwa matumaini, kama anavyowauliza wateja iwapo jokofu linagandisha.

"Hapana."

"Na mama?"

"Mama amelala."

Akamweleza yote, ya baba yake na ya korido. Mume alikaa chini. Alikuwa mtoto wa pekee wa kiume wa marehemu yule, na hajawahi kuulizwa, wala hajawahi kumuuliza mama yake, usiku ule ulikuwaje. Alikaa hapo na mikono yake yenye grisi magotini, asijue pa kuipeleka, mpaka Sauti akaushika mmoja.

Mama mkwe alirudi baada ya wiki mbili, amenenepa kidogo, na amri mpya: mchana analala, na asisumbuliwe. Usiku bado anaamka, ila si kila usiku. Siku anayoamka, Sauti humwambia kwa sauti kutoka kitandani, "Tupo, mama," na kandambili huondoka.

Kazini, Sauti aliomba aondolewe kwenye simu. Bosi wake alisema hakuna mtu mwenye sauti kama yake. Akaomba tena. Mshauri, foleni yake ilipofika hatimaye, alimwandikia cheti, na bosi akamhamishia kaunta, chini, pale wanapokuja wateja wenyewe na bili zao mikononi. Jirani wa meza alimwonea huruma. "Huko wanakutukana uso kwa uso!"

Ndivyo walivyofanya. Lakini Sauti aligundua kwamba uso kwa uso ni rahisi zaidi kwake. Kwenye simu hasira haina mwisho, hujui itaishia wapi. Kaunta unamwona mtu. Unayaona mabega yanavyopanda, na ukisubiri, unayaona yanaanza kushuka. Na tena alijiapiza hatamwahidi mtu fundi ambaye hajui alipo.

Juzi aliingia mzee mmoja, jasho linamtoka, bili anaipeperusha kama bendera, anafoka tangu mlangoni. Alipofika kaunta pumzi zilimwishia, akabaki ameshika ubao, mdomo wazi.

Sauti alizunguka, akamvutia kiti.

"Kaa kwanza, mzee wangu," akasema. "Toa pumzi pole pole. Hiyo bili haiendi popote."

"Na maji je?" mzee akauliza, akihema.

"Maji leo sijui," akasema Sauti. "Sikudanganyi. Sijui."

Mzee akamtazama. Kisha akakaa.